Sauti ya Hidaya Ndani ya Gemu

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani hii ya juzijuzi ambayo simu zilikwishaingia kila nyumba, palikuwa na mume na mke Muheza, katika mitaa iliyo nyuma ya soko la machungwa. Mume aliitwa Mzee Mhina. Alikuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge mpaka alipostaafu. Mke aliitwa Bi Mwajabu, na huyu ndiye aliyefikwa na makubwa, kwa hiyo mtazameni yeye zaidi.

Walikuwa na mtoto mmoja, Hidaya. Alizaliwa wakati Bi Mwajabu alikwishaacha kutazamia. Akasoma Muheza, akasoma Tanga, akasoma Dar es Salaam, kisha akapata nafasi ya kwenda Korea Kusini kusomea uhandisi wa maji. Akaenda, akakaa miaka mitatu. Kila Ijumaa baada ya sala alipiga simu. Bi Mwajabu alikuwa na kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, basi walizungumza, wakacheka, wakaagana, na yaliyosemwa yakaishia hapo. Hakuna aliyewaza kuihifadhi sauti. Nani huweka akiba ya sauti ya mtu mzima mwenye afya yake?

Mwaka wa tatu Hidaya aligongwa na gari akivuka barabara. Akaletwa nyumbani, akazikwa Muheza. Simu yake ilirudi ndani ya mfuko wa plastiki, imepasuka vipande viwili, fundi hakuweza kutoa kitu ndani yake.

Hidaya alikuwa na chumba chake, kile cha mbele kinachotazama barabara, chenye mlango wake wenyewe wa kutokea barazani. Bi Mwajabu alikifunga. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga, na tangu siku hiyo hakuna aliyeingia.

Siku moja alikuwa jikoni anakuna nazi, akataka kukumbuka Hidaya alivyokuwa akisema "mama" kwenye simu. Akajaribu. Sura ilikuja, nguo ilikuja, hata vidole vilikuja. Sauti haikuja. Akaiacha mbuzi ya nazi, akakaa pale pale kwenye kigoda mpaka Mzee akauliza chakula kimekuwaje leo. Hakumwambia kitu. Aliona haya, kama mtu aliyeazimwa kitu cha watu akakipoteza.

Ukapita mwaka na nusu. Ndipo akaja Stumai.

Stumai alikuwa binti aliyesoma na Hidaya kule Korea, darasa moja, bweni moja. Alirudi nchini, akapangiwa kazi katika ofisi ya maji ya Muheza, na jambo la kwanza alilofanya ni kuja kutoa pole. Alisalimu, akakaa, akapewa chai, akalia kidogo. Kisha akauliza:

"Mama, hivi mnajua kwamba sauti ya Hidaya imo ndani ya gemu?"

"Gemu gani, mwanangu?"

"Gemu ya kompyuta. Kuna kampuni kule ilitengeneza gemu ya msafiri anayezunguka nchi kwa nchi. Akifika mji mmoja wa pwani ya huku kwetu, anakutana na mwanamke anayewapa wasafiri maji. Walitaka Kiswahili cha kweli, wakaja chuoni kutafuta mtu, wakampata Hidaya. Aliwasomea maneno hayo siku mbili nzima wakimrekodi. Alirudi bweni koo limemkauka, anacheka."

Mzee Mhina alikuwa amelala kitandani pale sebuleni, maana moyo wake ulikuwa umechoka na madaktari walikwishawaambia wamrudishe nyumbani akapumzike. Aliposikia hayo aliinuka akakaa.

"Sauti yake mwenyewe?"

"Yake mwenyewe, baba."

"Basi tuletee."

Stumai akainamisha kichwa. "Inauzwa Korea tu. Inauzwa kwenye duka la mtandaoni, na ukiwa nje ya nchi ile duka halikufungulii. Mimi mwenyewe sikuinunua nilipokuwa kule. Sikujua kama siku moja nitaihitaji."

Mzee akahema, akasema, "Mama Hidaya, nisikilize, na huyu binti awe shahidi. Atakayeirudisha sauti ya Hidaya ndani ya nyumba hii, chumba cha Hidaya ni chake."

Bi Mwajabu alishika pindo la kanga. Alitaka kusema hapana. Lakini alimwona mumewe amekaa wima kwa mara ya kwanza mwezi ule, akasema, "Nimesikia, Baba Hidaya."

Na neno lililotoka mbele ya shahidi limekwishatoka.

Sasa, pale stendi palikuwa na fundi simu aitwaye Kibwana. Kiti chake, meza yake na mwavuli wake mkubwa ndivyo vilivyokuwa ofisi yake. Jua likiwaka alihamisha kiti, mvua ikinyesha alifunga kazi. Alikuwa amekitengeneza kile kitochi cha Bi Mwajabu mara mbili. Habari zilimfikia baada ya siku chache, akaja alasiri na kompyuta kwapani.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Nimesikia mnatafuta gemu ya Korea."

"Marahaba. Inapatikana?" aliuliza Bi Mwajabu.

"Inapatikana. Kuna kitu kinaitwa VPN. Mama, lile duka ukilipigia hodi linatazama kwanza unapiga hodi kutoka nchi gani. Ukitoka Tanzania, halifungui. Sasa VPN inalichukua ombi lako, inalipeleka kwanza kwenye mtambo ulio Korea, na kule ndiko linakotoka kwenda dukani. Duka linadhani mtu yuko Korea. Linafungua."

Stumai alikuwepo, maana alikwishazoea kupita kila akitoka kazini. Akasema, "Kibwana, hiyo wamekataza. Ukifungua akaunti unakubali masharti yao, na sharti mojawapo ni hilo."

"Dada, mimi siibi. Gemu nitainunua kama wao wanavyoinunua. Ninachowaficha ni mahali nilipo tu."

"Na hicho ndicho walichokukataza."

"Walinikataza mimi," Kibwana alisema, "au hawakukumbuka tu kwamba nipo?"

Stumai alimgeukia Bi Mwajabu. "Mama, Hidaya alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Mimi nitawaandikia wenye gemu. Nitawaeleza yeye ni nani na ninyi ni nani, niwaombe sauti yake kwa ruhusa yao. Najua kuandika lugha yao."

"Watakujibu lini?"

"Sijui, mama."

"Na wewe Kibwana, itachukua muda gani?"

"Leo leo nitaanza."

Bi Mwajabu alitazama kitanda cha sebuleni. Mzee alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala. Kidole chake kimoja kilikuwa kikigonga shuka. Akasema, "Kila mtu afanye lake."

Basi Stumai akaandika barua, akaituma. Kimya. Akaandika ya pili. Kimya. Wiki zikapita.

Na Kibwana akafungua VPN, akapata Korea, akafungua akaunti, akakwama kwenye malipo, kwa sababu duka lilitaka kadi ya kule kule. Akahangaika siku tatu. Mwisho alimpata mtandaoni kijana mmoja wa Tanga aliyekuwa na kadi ya namna hiyo, wakabadilishana na spika kubwa ya Kibwana, ile aliyokuwa akipigia muziki pale stendi. Gemu ikashuka polepole, siku nzima na nusu. Akaunganisha kompyuta na televisheni ya Bi Mwajabu. Ngoma zikalia, msafiri akatokea kwenye kioo, na Kibwana akashika kidude cha kuchezea.

Msafiri akaanguka kwenye mto wa kwanza, akafa.

Akaanza tena. Msafiri akafa. Akaanza tena. Msafiri akafa. Kibwana alijua kufungua vitu, kuvicheza hakujua. Na yule mwanamke wa maji alikuwa mbali, ng'ambo ya mto, ng'ambo ya jangwa, na maandishi yote yalikuwa ya Kikorea. Stumai aliyeweza kuyasoma hakukubali kukaa mbele ya kile kioo. "Nimekikataa," alisema, "siwezi kukikataa kwa mdomo nikakitumia kwa macho."

Ndipo Bi Mwajabu akamkumbuka Havijawa.

Havijawa alikuwa msusi. Alisukia watu kwenye kibaraza chembamba cha nyumba ya kupanga, ng'ambo ya barabara, na mteja akichelewa alitoa simu akacheza gemu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi mno. Msuko wa twende kilioni, ule mwembamba, aliumaliza huku anapiga soga. Bi Mwajabu alivuka barabara, akamweleza. Havijawa alisikiliza mpaka mwisho, akafunga vitana vyake kwenye kitambaa, akaja.

Akacheza alasiri ya kwanza, akazama mtoni. Jioni, alipoaga, Mzee akamwuliza kutoka kitandani:

"Umefika wapi, mwanangu?"

"Bado mtoni, baba."

Akacheza alasiri ya pili, ya tatu, ya nne.

"Umefika wapi?"

"Nimevuka mto, baba. Nimeingia jangwani."

Akacheza ya tano.

"Umefika wapi?"

"Nimekufa na kiu, baba."

Akacheza ya sita na ya saba, na zote mbili akafa na kiu. Wateja wake walikuja wakakuta kibaraza kitupu, wakaenda kwa wasusi wengine. Alikuwa hajui kusoma neno hata moja kwenye kioo, basi alijifunza kwa kufa: hapa kuna kisima, hapa hakuna, hapa ukipiga mbio unakwisha, hapa ukienda taratibu jua linakukuta. Bi Mwajabu alikaa naye kila siku akimenya machungwa, naye akajikuta anajua njia ile kama njia ya kwenda sokoni.

Alasiri ya kumi na tatu, msafiri alifika kwenye lango la mji mweupe akiwa anapepesuka, akaanguka. Ngoma zikanyamaza. Akaja mwanamke aliyejitanda kanga, mtungi mkononi, akainama. Na sauti ikasema:

"Karibu mgeni. Kaa kitako kwanza, unywe maji. Habari za utokako utatupa ukishapumua."

Ilikuwa ni Hidaya. Ilikuwa ile sauti yenye mkwaruzo kidogo mwanzoni mwa neno, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Bi Mwajabu alijikuta anajibu, "Ahsante, mwanangu," kabla hajajua kwamba anajibu televisheni.

Mzee Mhina alikuwa ameinuka. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Hayo maneno yangu," alisema. "Mama Hidaya, hayo si ndiyo maneno yangu? Mgeni akija mimi si ndivyo ninavyosema?"

"Ndivyo, Baba Hidaya."

"Ameyachukua akaenda nayo."

Kibwana alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Havijawa aliweka kile kidude chini akatoka uani, akarudi macho mekundu.

Tangu siku ile, mchana wa nyumba ile ulikuwa na saa yake. Havijawa aligundua kwamba yule mwanamke hasemi neno moja kila siku. Ukimpeleka msafiri tena jangwani, akirudi langoni anapewa maneno mapya. Akija na ngamia, maneno haya. Akija anachechemea, maneno yale. Kila alasiri Mzee alipata sentensi moja ambayo hakuisikia jana. Kibwana alizirekodi kwa simu yake, lakini feni na mirindimo ya ngoma viliifunika sauti, na Mzee akisikilizishwa alikunja uso. "Zima hilo kopo," alisema. "Mleteni mwenyewe." Akaanza kula. Akaanza kuuliza habari za mtaani. Zilifika sentensi kumi na moja.

Stumai naye alikuja, akasimama mlangoni, akasikia. Aliegemea fremu ya mlango akalia kwa kwikwi. Siku ileile akamwomba Havijawa amtajie sentensi zote, neno kwa neno, akaziandika kwenye daftari. Kisha akawaandikia wenye gemu kwa mara ya tatu. Safari hii walijibu. Waliuliza swali moja: gemu hii haiuzwi huko, mmezisikiaje sentensi hizi?

Stumai alikaa na swali hilo siku mbili. Siku ya tatu akalijibu kwa ukweli.

Baada ya siku chache Havijawa alikuja alasiri kama kawaida, akawasha, na badala ya msafiri yakatokea maandishi mekundu. Kibwana akaitwa, akabofya hapa na pale, hakufika popote. Stumai akaitwa. Mara hii alikaa mbele ya kioo, akasoma.

"Akaunti hii imefungwa. Imetumika nje ya nchi inakoruhusiwa."

"Wamejuaje?" Kibwana alisema. "Wiki zote hizi, leo wamejuaje?"

"Nimewaambia mimi."

Feni ilizunguka.

"Umewaambia wewe," alirudia Kibwana.

"Waliniuliza. Nilikuwa nawaomba kitu. Nisingeweza kuwaomba huku nawaongopea. Sikujua kwamba wenye gemu watawapelekea wenye duka."

"Ungenyamaza! Nani alikulazimisha kujibu?"

"Kibwana," Bi Mwajabu alisema, "mgonjwa anasikia."

Mzee alikuwa anasikia kweli. Alimwita Stumai karibu na kitanda. "Ulichowaambia ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Haya," alisema Mzee, akageukia ukutani.

Kibwana hakukata tamaa. VPN aliyokuwa akiitumia ilikwishajulikana dukani, akatafuta nyingine. Kadi ya kule akaipata kwa kuachia simu yake mwenyewe. Akafungua akaunti mpya. Lakini akaunti mpya ni safari mpya: msafiri alirudi mwanzo, upande huu wa mto, mikono mitupu. Havijawa akashika kidude akaanza upya. Alicheza asubuhi, alicheza mchana, kibaraza chake kikajaa vumbi.

"Umefika wapi, mwanangu?"

"Bado mtoni, baba."

"Umefika wapi?"

"Nimevuka, baba. Jangwa sasa nalijua. Kesho au keshokutwa nafika."

"Haya. Mwambie nipo," alisema Mzee.

Siku ya saba tangu akaunti ilipofungwa, asubuhi, uji ukiwa bado wa moto mkononi mwa Bi Mwajabu, Mzee Mhina alifariki. Msafiri alikuwa katikati ya jangwa. Havijawa alizima televisheni kwa mkono wake, na gemu ile haikuwashwa tena.

Walizika. Watu wakaja, watu wakaondoka. Stumai alikuja kila siku akaosha vyombo bila kuzungumza, na Bi Mwajabu hakumfukuza wala hakumtazama. Hasira aliyokuwa nayo hakuwa na pa kuiweka. Siku saba! Mtu amemaliza safari nzima ya maisha yake, unamnyang'anya siku saba za mwisho, na unamnyang'anya kwa kusema kweli.

Ilipopita arobaini, Stumai alikuja na bahasha. Ilikuwa imetoka Korea, na ndani yake mlikuwa na flashi ndogo na barua. Alisimama mlangoni kwanza.

"Mama, nisome au niondoke?"

"Soma."

Akasoma, akitafsiri taratibu. Waliandika hivi: "Tumechelewa kwa sababu hatukuwa tumeandika jina la msomaji, na waliosoma ni wengi. Tumempata kwa zile sentensi kumi na moja mlizotuandikia. Sauti za kazini hatuwapi watu wa nje. Lakini mlitueleza jambo ambalo mngeweza kulificha, na tukajua tulikuwa tukizungumza na watu wa kweli. Hii ni sauti yote ya binti yenu. Ni yenu."

Kibwana aliitwa aje aichomeke kwenye televisheni, akaja. Havijawa akaja. Wakasikiliza.

Hapakuwa na ngoma. Hapakuwa na feni. Alikuwa Hidaya peke yake, siku mbili nzima. Alisoma, akakosea, akacheka, akasema "ngoja ngoja," akakohoa, akasoma tena. Sentensi hazikuwa kumi na moja, zilikuwa zaidi ya arobaini. Na mahali fulani sauti ya mwanamume ilimwuliza kitu kwa Kikorea, naye akamjibu kwa Kikorea, haraka, kwa ukali wa utani.

"Anasema nini?" aliuliza Bi Mwajabu.

Stumai akatafsiri. "Yule bwana anamwambia salamu ni ndefu, aifupishe. Yeye anasema: hivi ndivyo baba yangu anavyowapokea wageni. Mkipunguza neno, tafuteni msomaji mwingine."

Bi Mwajabu alitazama kile kitanda cha sebuleni, kimetandikwa shuka safi, hakina mtu. Hili ndilo neno ambalo Mzee angelipenda kuliko yote, na hakulisikia.

Wiki iliyofuata aliwaita wote watatu alasiri, akatandika mkeka sebuleni, akafungua pindo la kanga. Ufunguo akauweka katikati yao.

"Mzee aliacha neno," alisema. "Atakayeirudisha sauti ya Hidaya ndani ya nyumba hii, chumba ni chake. Hakusema watakaoirudisha. Kila mmoja na aseme lake, nami nisikie."

Kibwana hakuzunguka. "Mama, mimi niliirudisha akiwa hai. Wote walisema haiwezekani, mimi nikafungua njia. Nikaacha spika yangu, nikaacha simu yangu. Tungengoja barua, Mzee angekwenda hajasikia hata neno moja, na lile 'hayo maneno yangu' lisingetoka kinywani mwake. Mwavuli wangu umechanika, masika yamekaribia, sikatai kwamba chumba nakihitaji. Lakini hata nisingekihitaji, ningesema hivi hivi."

Stumai akasema, "Ni kweli aliifungua. Ila mimi ndiye niliyewaletea habari kwamba sauti ipo. Na mama, Mzee alisema kuirudisha. Kitu kikirudi kinakaa. Sauti ya Kibwana ilipita mlango usio wake, ikatolewa. Hii ya sasa imekuja kwa jina la Hidaya na kwa ruhusa ya wenyewe, haitatoka tena. Nikipewa chumba nitahamia, usikae nyumba nzima peke yako."

"Ilitolewa na nani?" Kibwana aliuliza.

Stumai alimtazama usoni. "Na mimi. Zile siku saba ni zangu, sizikatai. Ningeulizwa tena leo, sijui ningejibu nini. Lakini bila jibu lile, barua hii isingeandikwa."

Havijawa alikuwa amekaa, vidole vyake vikisuka nyuzi za ukingo wa mkeka. Alizungumza bila kuinua macho.

"Mlango alifungua Kibwana, ni kweli. Mle ndani tulisikia nini? Ngoma. Barua aliandika Stumai, ni kweli. Hidaya walimpata kwa nini? Kwa sentensi nilizomtajia mimi. Msafiri yule amekufa mikononi mwangu mara nyingi kuliko nywele nilizosuka mwaka huu. Na Mzee alipouliza umefika wapi, siku zote zile mpaka ya mwisho, aliyemjibu ni mimi."

"Kwa kompyuta yangu," alisema Kibwana.

"Kwa vidole vyangu."

"Na sasa unataka kufungua saluni."

"Nataka. Wateja wangu wameishia wapi, kama si humu? Na Stumai anasema mama asikae peke yake. Mimi nakaa ng'ambo ya barabara, nilikuwa nakuja kila siku, na sikutaja chumba."

Bi Mwajabu aliwatazama mmoja mmoja. Kwa Kibwana aliuona uso wa mumewe alasiri ile ya kumi na tatu. Kwa Havijawa alilisikia lile "nimevuka, baba." Na kwa Stumai aliziona siku saba za mgonjwa kugeukia ukutani, lakini asubuhi ya siku hiyo ya mkeka, akikuna nazi, alikuwa amewasha flashi akamsikia mwanawe anacheka, na akacheka naye. Alitafuta mizani ya kuwapimia, akaikosa. Aliyejua kupima kwenye nyumba ile alikuwa Mzee.

"Nipeni kitambo nikatenge chai," alisema, akaingia jikoni. Ufunguo ukabaki pale kwenye mkeka, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Haya, wenzangu mlionisikiliza. Chai inakaribia kuchemka, na Bi Mwajabu akirudi na sinia atalazimika kutaja jina moja. Yupo aliyeipitisha sauti kwenye mlango usio wake, Mzee akasikia. Yupo aliyevuka jangwa kila siku kwa ajili ya wengine. Yupo aliyesema kweli, kweli ikanyang'anya siku saba na ikaleta sauti isiyokwisha. Chumba ni kimoja.

Je, ufunguo ule, kati ya Kibwana, Havijawa na Stumai, nani aliustahili?